Mutoto Aliyepasuliwa Tumbo Akirudi Nyumbani

Ugonjwa wa tifoide unaweza kutoboa utumbo wa mutoto. Uchafu wa utumbo unaingia ndani ya tumbo, na mutoto asipopasuliwa upesi anakufa. Kinshasa, tangu mwezi wa 9 mwaka 2004 mupaka mwezi wa 1 mwaka 2005, wagonjwa wa tifoide zaidi ya 42.000 walihesabiwa, na karibu 700 kati yao walioza tumbo ao walitoboka utumbo.

Ikiwa mutoto wako amepasuliwa na sasa anarudi nyumbani, umushukuru Mungu. Lakini, wewe muzazi, ujue jambo hili: ngozi inapona mbele ya tumbo la ndani. Nyuzi zinatolewa nyuma ya siku 7 ao 10, nawe unaona kovu nzuri. Chini ya kovu hiyo nyama zilizoshonwa zinahitaji karibu majuma 6 kupata nguvu.

Katika siku hizo mutoto anaweza kukaa siku 2 bila kwenda choo, sababu anakula kidogo. Hapo koko ao shangazi anasema, “Tumutie lavema.” Wengine wanatwanga majani, wengine wanatia pilipili ao sabuni. Tunajua wanafanya hivi kwa upendo. Lakini maji yanayosukumwa kwa nguvu yanaweza kupasua utumbo pahali uliposhonwa, na pilipili inauchoma. Basi mutoto aliyeokoka mezani pa munganga anakufa mikononi mwa jamaa yake. Umwambie koko kwa heshima: “Koko, munganga amekataza lavema.” Ni vizuri zaidi koko mwenyewe aje hospitali siku ya kutoka, asikie maneno haya kwa kinywa cha munganga. Mutoto apewe maji yaliyochemshwa, uji, na papai lililoiva. Asipopata choo siku ya 3, umulete kwetu.

Chakula kiwe kidogo kidogo, mara 5 ao 6 kwa siku, hata kama yeye anasema hana njaa. Uji mutupu haujengi nyama. Utie ndani yake karanga zilizosagwa ao soya, na mafuta ya ngazi kidogo. Yai, maharagi yaliyopondwa, na samaki ndogo zilizotwangwa ni vizuri sana. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Kidonda kikae kikavu. Usitie majivu, wala majani, wala unga wa kidonge. Usimufunge mutoto mugongoni kwa kitambaa, tumbo likibanwa, umubebe mikononi. Akikohoa, ashike nguo iliyokunjwa juu ya tumbo. Atembee kila siku, lakini asipande muembe wala asichote maji mupaka majuma 6 yaishe.

Pengine atakojoa tena kitandani, ao atalia usiku na kukataa kukuachilia. Si shetani, wala si ukaidi. Alilala pahali pageni, watu wasiojulikana wakamuchoma sindano. Usimupige. Umulaze karibu nawe. Woga huo unapunguka siku kwa siku. Baba naye anaweza kumubeba na kumuzungumuzia, hii si kazi ya mama peke yake.

Umurudishe hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku, ukiona homa, matapiko ya rangi ya kijani, tumbo linalovimba na kuwa gumu, usaha ao wekundu unaozidi kwenye kidonda, ao mutoto anakunja magoti na kukataa kuguswa. Njiani usimupe chakula.

Utunze karatasi ya hospitali pamoja na kitabu cha kupimisha uzito. Nyuma ya miezi, hata nyuma ya miaka, utumbo unaweza kushikamana na kovu ya ndani na kufungika. Mutoto akitapika kijani na tumbo likimukata, uonyeshe karatasi hiyo kwa munganga yeyote, na kumwambia mbele ya yote kwamba alikwisha kupasuliwa.