Bonsai Penye Kiangazi Kirefu: Mbuyu wa Chunguni Sekenke

Bonsai ni sanaa ya kuukuza mti ndani ya chombo kifupi, kwa kuupogoa mizizi na matawi hadi upate umbo la mti mkubwa uliokula chumvi nyingi. Sanaa hiyo ilichipuka China ikakomalia Japani, na miongoni mwa miti inayopendwa na mafundi wake imo michache ya jamii ya msonobari ambayo, tofauti na ndugu zake, hupukutisha majani yote kila mwaka. Mmoja ni lariksi, mti wa nchi za baridi kali. Mwingine ni metasekwoya, ulioelezwa na wanasayansi kutokana na visukuku mwaka 1941, kisha ukatangazwa mwaka 1948 kuwa bado unaishi nchini China. Mitarakwa ya milima ya Tanzania na misonobari ya Sao Hill haimo katika kundi hili, kwa kuwa hubaki na majani mwaka mzima.

Lariksi huangusha majani siku zinapofupika na baridi kuingia, kisha hulala, yaani husimamisha ukuaji kwa miezi kadhaa, na ukikosa baridi hiyo hudhoofika mwaka hadi mwaka. Sekenke, kwenye mteremko unaoshuka kutoka nyanda za Singida kuelekea mbuga ya Wembere, iko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, na mti hulazwa na kiu: mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na baada yake vichaka hubaki vijiti vitupu. Kuuagiza lariksi uje kuishi hapo ni kuutesa mti na kupoteza fedha, ilhali mbuyu, ingawa si wa jamii ya msonobari, unajua kalenda ya mahali hapo tangu mbegu.

Mche wa mbuyu huanza na majani yasiyogawanyika, na yale ya vidole vitano hufuata baadaye, huku mzizi mkuu ukinenepa kama muhogo ili uhifadhi maji; mzizi huo hukatwa mti ukiwa umelala, muda mfupi kabla ya mvua, na jeraha huachwa likauke kwa siku kadhaa kabla ya kupandwa upya, la sivyo huoza. Udongo mweusi wa mbuga haufai, kwa sababu hushika maji na kuganda. Changarawe ndogo na mchanga mkavu wa mto, vikichanganywa na mboji kidogo, hupitisha maji haraka. Majani yakichanua, mti humwagiliwa kila udongo unapokauka na huwekwa juani. Yakishapukutika, maji hupunguzwa hadi karibu kukoma, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuuhurumia mti mtupu na kuumwagilia hadi shina linalainika. Waya wa kupindia matawi ukaguliwe mara kwa mara wakati wa mvua, maana mbuyu hunenepa upesi na waya huzama ndani ya gome.

Hakuna haja ya kung'oa mche porini. Mbegu zimo katika ubuyu mkavu wa sokoni, si ule uliopikwa kwa sukari na rangi, na kwa kuwa ganda la mbegu hizo ni gumu, zikwaruzwe na kulowekwa kabla ya kupandwa.