Je, Wajua? Usingizi Hauji kwa Mkupuo

Je, wajua kuwa ukifumba macho tu, hata kabla ya kusinzia, ubongo hubadilisha mwendo? Daktari Mjerumani Hans Berger alianza kunasa umeme wa ubongo wa binadamu mjini Jena mwaka 1924, akatangaza matokeo mwaka 1929. Aliona kuwa mtu aliyetulia na kufumba macho hutoa mawimbi yaliyopangika, kama 10 kwa sekunde. Akifumbua macho, hutoweka. Mawimbi hayo huonekana hasa upande wa kisogoni. Mzee aliyejinyoosha barazani hapa Gede, anayeyasikia matatu ya Malindi yakipita lakini hayamshughulishi, yumo katika hali hiyo. Hajalala bado.

Je, wajua kuwa mang'amung'amu nayo yana alama zake? Yale mawimbi ya kisogoni hukatika, yakaja mengine ya polepole, 4 hadi 7 kwa sekunde, na macho huanza kuyumba taratibu chini ya kope. Mwamshe mtu hapo, naye mara nyingi atakuapia kwamba alikuwa macho. Hadanganyi, ndivyo alivyohisi. Ni hapo pia ambapo wengi wetu hushtuka ghafla kana kwamba tunaporomoka. Ni misuli tu iliyokaza mara moja, na haidhuru.

Je, wajua kuwa ubongo haulali wote kwa wakati mmoja? Katikati yake kuna sehemu iitwayo thalamasi, ambamo hupitia karibu habari zote za kuona, kusikia na kugusa. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa waliwapima wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa nyaya ndani ya ubongo kwa ajili ya matibabu. Mara nyingi thalamasi ilitulia dakika kadhaa kabla ya tabaka la nje la ubongo. Yaani mlango umeshaanza kufungwa ilhali fikra bado zinazunguka ndani. Huenda ndiyo maana usingizi unapokunyemelea huona sura na kusikia maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

Je, wajua kinachofuata? Vishindo vifupi vya mawimbi ya haraka, vya nusu sekunde au zaidi kidogo, kisha mawimbi makubwa mazito, yasiyofika 4 kwa sekunde. Aliyefika huko, kumwamsha ni kazi.

Je, wajua kuwa mjini Kilifi, kusini mwetu, mawimbi haya yamewafunza madaktari jambo zito? Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilianzishwa huko mwaka 1989, na miaka ya 1990 watafiti wake waliwapima watoto waliopoteza fahamu kwa malaria iliyoathiri ubongo. Wapo waliolala kimya kitandani, wametulia, lakini mashine ikaonyesha kuwa ubongo wao umo katikati ya degedege. Dalili za nje zilikuwa ndogo mno: macho yaliyoelekea upande mmoja, kidole kinachochezacheza, pembe ya mdomo inayotikisika, pumzi isiyo na mpango. Mama anaweza kukaa kando ya mwanawe akishukuru kwamba hatimaye amepata usingizi.

Hili laniuma kila nikilifikiria, kwa sababu hata mawimbi yenyewe hufanana: ubongo uliopoteza fahamu nao hutoa mawimbi makubwa ya polepole. Tofauti kubwa ni kwamba aliyelala hupanda na kushuka hatua moja baada ya nyingine, na ukimwita na kumtikisa ataamka, hata kama ni kwa kunung'unika. Mtoto mwenye homa asiyeamka kwa kuitwa wala kwa kufinywa hajalala. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Je, wajua jinamizi hutoka wapi? Wakati wa ndoto ubongo huchangamka karibu kama wa mtu aliye macho, huku ukiizuia misuli ili usiamke na kukimbia kweli. Fahamu zikirejea kabla ya kizuizi hicho kuondoka, unajikuta macho wazi, huwezi kusogea wala kupiga kelele, na ndoto bado imekukalia kifuani. Hofu yake ni ya kweli kabisa. Kwa kawaida hupita baada ya sekunde au dakika chache.

Je, wajua kuwa pomboo, wale wanaoonekana baharini Watamu, hulala nusu ya ubongo kwa zamu? Nusu moja hutoa mawimbi mazito ya usingizi, nyingine ikikesha ili mnyama aendelee kuogelea na kupanda juu kuvuta pumzi.

Na je, wajua kuwa binadamu naye anacho kivuli cha tabia hiyo? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliwapima watu waliolala mahali pageni. Usiku wa kwanza, sehemu fulani za upande wa kushoto wa ubongo zililala usingizi mwepesi kuliko za kulia, na sauti ngeni zilizoingia kupitia sikio la kulia, ambalo habari zake hupelekwa zaidi upande wa kushoto, ziliwaamsha upesi zaidi. Walipolala hapohapo kwa mara ya pili, siku kadhaa baadaye, tofauti hiyo haikuonekana tena.