Jinsi Mtoto Anavyoipata Lugha

Mtoto wa miaka minne aliyelelewa katika Kiswahili akimwambia mama yake, "Hatukumwona paka," hakuna mtu anayeshangaa. Hata hivyo, neno hilo moja, hatukumwona, limeundwa kwa vipande sita: ha- ya kukanusha, -tu- ya watenda, -ku- ya wakati uliopita, -mw- ya mtendwa, -on- ambayo ni mzizi wa kitendo, na -a ya kumalizia. Kila kipande kina mahali pake, na kikihamishwa neno huharibika. Mtoto huyo hajui kusoma, wala hajawahi kufundishwa sarufi. Ameyapataje yote hayo katika muda mfupi kiasi hicho?

Swali hilo si la udadisi mtupu. Jibu lake ndilo linaloonyesha mtoto asiyesikia anahitaji nini, na anakihitaji lini.

Sauti na maana

Mtu anaposema, pumzi hutoka mapafuni na kupita katika zoloto, ambamo nyuzi mbili za sauti hutetemeka. Kwa kawaida nyuzi za mwanamume hutetemeka kiasi cha mara 120 kwa sekunde, na za mwanamke kiasi cha mara 200. Kisha ulimi, midomo, meno na kaakaa huiumba sauti hiyo kuwa irabu na konsonanti.

Sauti moja peke yake aghalabu haina maana. Maana huletwa na tofauti baina ya sauti na sauti. Katika maneno bata na pata midomo hufungwa namna ile ile. Tofauti ni kwamba nyuzi za sauti hutetemeka mapema katika b, na huchelewa katika p kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa sababu ya kuchelewa huko tu, ndege hugeuka kuwa kitendo.

Mkazo nao hufanya kazi. Neno barabara likikazwa silabi ya pili kutoka mwisho ni njia kuu. Likikazwa silabi ya tatu kutoka mwisho maana yake ni sawasawa. Kiimbo nacho hulifanya neno amekuja kuwa habari au swali. Na pale ambapo sauti hazitofautiani hata kidogo, kama katika paa la nyumba na paa wa porini, msikilizaji husaidiwa na maneno yanayoandamana nalo.

Katika maandishi maneno hutenganishwa kwa nafasi. Katika usemi nafasi hizo hazipo: maneno hufuatana kama maji ya mto. Mtu anayesikiliza lugha asiyoijua hulitambua jambo hili mara moja. Kila mtoto mchanga huanza maisha yake akiwa msikilizaji wa namna hiyo.

Kazi ya mwaka wa kwanza

Mtoto huanza kusikia angali tumboni. Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walionyesha kwamba watoto wenye umri wa siku chache tu hupendelea sauti ya mama yao kuliko ya mwanamke mwingine.

Kabla ya hapo, mwaka 1971, Peter Eimas na wenzake walikuwa wamewachunguza watoto wa mwezi mmoja na wa miezi minne. Kila mtoto alipewa chuchu ya mpira iliyounganishwa na chombo cha kupimia, na kila aliponyonya kwa nguvu alisikia silabi. Alipoizoea silabi hiyo, bidii ya kunyonya ilipungua. Silabi ilipobadilishwa kutoka ba kuwa pa, bidii ilirudi. Watoto wasioweza hata kukaa walikuwa wameitambua tofauti hiyo.

Lakini uwezo huo hauachwi vivi hivi. Mwaka 1984, huko Kanada, Janet Werker na Richard Tees waliona kwamba watoto wa miezi sita hadi minane, waliolelewa katika Kiingereza, waliweza kutofautisha konsonanti za Kihindi ambazo hazitofautishwi katika Kiingereza. Walipokaribia mwaka mmoja, wengi hawakuweza tena. Sikio lilikuwa limejifunga katika lugha ya nyumbani. Nao uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 na Jenny Saffran na wenzake ulionyesha kwamba mtoto wa miezi minane, akisikiliza mfululizo wa silabi kwa dakika mbili tu, hutambua ni silabi zipi zinazozoea kufuatana. Hiyo ni njia mojawapo ya kuyapata maneno ndani ya mto wa sauti.

Kutoka silabi hadi sentensi

Kati ya miezi sita na kumi mtoto huanza kurudiarudia silabi: ba-ba, ma-ma, da-da. Mtaalamu wa lugha Roman Jakobson alieleza kwamba ndiyo sababu majina ya wazazi hufanana katika lugha nyingi za dunia. Kiswahili kina mama, baba, dada na kaka, yote yakiwa silabi moja iliyorudiwa.

Neno la kwanza huja karibu na mwaka mmoja, na kabla ya kutimiza miaka miwili watoto wengi huunganisha maneno mawili. Kisha huja viambishi. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi, aliona kwamba mara nyingi wao huacha viambishi vya mtenda au vya wakati ambavyo mtu mzima angevitamka. Kuacha si kuvuruga. Mtoto hujenga neno kidogo kidogo.

Wala mtoto hakariri tu. Akionyeshwa kitu kigeni na kuambiwa kuwa ni kidapu, jina lililobuniwa papo hapo, mtoto aliyekwisha kuikomaza lugha yake atasema kuwa viwili ni vidapu. Hajapata kulisikia neno hilo; ametumia kanuni aliyoigundua mwenyewe.

Mtoto asiyesikia

Kama miaka ya kwanza ina kazi kubwa hivyo, mtoto aliyezaliwa kiziwi hupungukiwa na nini? Si akili, wala si uwezo wa lugha. Mwaka 1991 Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walieleza kwamba watoto viziwi wa wazazi viziwi hurudiarudia alama kwa mikono, kama vile wengine wanavyorudia silabi kwa midomo. Huko Nicaragua, watoto viziwi waliokusanywa katika shule mjini Managua kuanzia mwaka 1977, kila mmoja akiwa na ishara za kwao tu, waliunda lugha mpya ya alama. Na watoto wadogo waliowafuata ndio walioipa kanuni nyingi zaidi.

Anachokosa mtoto kiziwi ni watu wa kuzungumza naye kwa njia inayomfikia. Wazazi wake kwa kawaida husikia, nao hudanganyika kwa urahisi, kwa kuwa katika miezi ya mwanzo mtoto kiziwi naye hulia, hucheka na kutoa sauti. Husemwa kwamba ulimi wake ni mzito, atasema tu. Miaka hupita.

Tanzania imekuwa na shule ya viziwi Tabora tangu 1963, na Buguruni, Dar es Salaam, tangu 1974. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitambua Lugha ya Alama ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge. Lakini mtoto anayeipata lugha yake ya kwanza mlangoni mwa shule, akiwa na miaka saba, amekwisha kupoteza miaka iliyo bora. Uchunguzi wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake huko Colorado, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba watoto waliogunduliwa kabla ya miezi sita, na kusaidiwa mapema, walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye.

Basi mtoto asiyeshtushwa na kishindo, au anayekaribia mwaka bila kurudia silabi, apelekwe hospitali akapimwe masikio, wala asingojewe. Ikibainika kuwa hasikii, jamaa zake waanze mara moja kujifunza lugha ya alama pamoja naye. Mikono ya mama huweza kumpa mtoto huyo kile ambacho sauti yake haikuweza kumfikishia.