Nodi si Duara la Dhahabu

Katika nchi hii ya dhahabu, kuanzia Kahama na Bulyanhulu hadi Nyarugusu, Rwamgasa na Geita mjini, hakuna neno linaloamsha tamaa ya mtu upesi kuliko neno "kuchimba". Kwa bahati mbaya neno hilo ndilo walilolichagua watu wa sarafu za mtandao kulitaja jambo wanalolifanya kwa kompyuta, na tangu hapo yamezuka machafuko ya maana ambayo yaweza kumgharimu mwananchi akiba ya miaka. Tumeona inafaa leo tulieleze jambo moja tu katika hayo mengi, yaani kile kijimashine kinachoitwa nodi, ambacho siku hizi mtu aweza kukiendesha nyumbani kwa kompyuta ndogo ya ubao mmoja isiyozidi sana ukubwa wa kadi ya benki.

Tunaandika tukiwaelekea kwanza ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome. Fedha ya sangara na dagaa huvuka maji kwenda kununua mawe ya dhahabu, na fedha ya dhahabu huvuka maji kununua mitumbwi na injini. Tena mwenzetu wa kisiwani, aliye mbali na tawi la benki, ndiye aliyekwisha kuzoea kuweka mali yake ndani ya simu tangu huduma za fedha za simu zilipoingia nchini mwaka 2008. Mtu wa namna hiyo ni mwepesi kulielewa jambo hili, na ni mwepesi vilevile kulaghaiwa kwalo.

Tuanze na mashine yenyewe. Kompyuta za ubao mmoja ziko za aina nyingi, na mashuhuri kuliko zote ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza tarehe 29 Februari 2012 kwa bei ya dola 35, na nia ya waasisi wake ilikuwa kuwafundisha vijana wa shule uandishi wa programu. Haina kioo wala kibodi mpaka uichomeke wewe mwenyewe. Umeme inaoutumia pamoja na diski yake ni wati kumi hivi, pungufu kwa mbali kuliko balbu zile za zamani. Paneli ya wastani na betri yake vyaweza kuihudumia, na katika kijiji kama Bwisya kisiwani Ukara, ambako umeme wa jua wa kijiji ulianza kuwaka mwaka 2016, mashine hiyo isingemwongezea mtu mzigo wa kutajika.

Ndani ya mashine hiyo huwekwa programu ya sarafu ya Bitcoin, iliyoanza kufanya kazi tarehe 3 Januari 2009. Kazi ya programu ni kutunza nakala kamili ya leja: kila malipo yaliyopata kufanywa tangu siku hiyo ya kwanza hadi leo. Kwa wastani kila baada ya dakika kumi ukurasa mpya, uitwao bloku, huongezwa katika leja. Nodi huupokea ukurasa huo kutoka kwa nodi nyingine duniani, huukagua mstari kwa mstari, kisha huukubali au huukataa. Huuliza: Je, aliyetoa fedha ndiye mwenye ufunguo wake? Je, fedha hiyo haikwisha kutumika mahali pengine? Je, aliyeandika ukurasa amejilipa ujira unaoruhusiwa na kanuni, ambao tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125 pamoja na ada, wala si zaidi? Je, jumla haivuki kikomo cha sarafu milioni 21? Likikosekana moja, ukurasa mzima hutupwa, hata kama umeletwa na tajiri wa namna gani.

Mfanyabiashara wa samaki aliyepata kuonyeshwa ujumbe wa uongo katika simu ya mnunuzi atalielewa jambo hili bila ya mwalimu. Ujumbe unasema fedha imetumwa. Yeye hautazami tena, hutazama salio lake mwenyewe. Nodi ndiyo kutazama salio lako mwenyewe, tofauti ikiwa kwamba katika fedha ya simu bado unaliamini daftari la kampuni, na hapa daftari zima liko juu ya rafu yako.

Basi yuko wapi mchimbaji? Mchimbaji ni yule anayeshindania haki ya kuandika ukurasa unaofuata, na mashindano yenyewe ni ya kukisia namba kwa nguvu ya mashine. Mashine moja ya kazi hiyo hula wati elfu tatu na zaidi, na watu hawaweki moja, huweka mamia. Jirani zetu wanalo la kutuonyesha. Huko mashariki ya Kongo, hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba sarafu hiyo kwa umeme wa maporomoko pale Luviro, ikiwa na mashine zilizopangwa ndani ya makontena. Na nchini Kenya kampuni ya Gridless imefanya vivyo hivyo penye mitambo midogo ya umeme wa maji. Hivyo ni viwanda. Kompyuta ya ubao mmoja ikiingizwa katika mashindano hayo ni sawa na mtu aliyeshika nyundo mkononi kushindana na karasha za mgodi mzima. Na hata nyundo, kwa kweli, ina tamaa zaidi.

Kwa hiyo twataka lieleweke wazi neno hili: nodi ya Bitcoin hailipi. Haimlipi mwenye nayo senti moja kwa siku, wala kwa mwezi, wala kwa mwaka. Zipo sarafu nyingine ambazo mwenye nodi aweza kupata ujira, lakini huko hutakiwa kwanza aweke rehani fedha zake mwenyewe katika sarafu hiyo, nayo yaweza kushuka thamani mikononi mwake. Hilo ni jambo jingine kabisa, lenye hatari zake. Mtu yeyote atakayepanda kivuko akiwa na mkoba wa vijimashine, au atakayekaa kwenye kibanda cha chai pale Katoro na kuwauzia watu "hisa za nodi" zenye faida ya kila wiki, anauza kitu ambacho hakimo ndani ya mashine ile. Wasomaji wetu wa umri wa makamo wanaikumbuka DECI, iliyowaambia watu wapande fedha ili wavune nyingi zaidi, mpaka Serikali ilipoipiga marufuku mwaka 2009. Waliopanda mwanzo walivuna mbegu za waliofuata. Jina likibadilika kutoka "mbegu" likawa "nodi", hesabu haibadiliki.

Atauliza msomaji: kama hailipi, ya nini basi? Hapa yatupasa tukumbushane jambo la nyumbani kwetu.

Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, mengi yake yakiwa yametoka Bulyanhulu na Buzwagi, humu humu wilayani Kahama. Makontena 277 yalikuwa yamezuiwa Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilichukua sampuli na kutoa taarifa yake mwezi Mei. Ya Profesa Nehemiah Osoro ikafuata mwezi Juni. Kampuni ilizikana hesabu hizo. Shauri halikwisha mpaka Januari 2020, Barrick ilipotia saini na Serikali makubaliano ya malipo ya dola milioni 300, na Serikali kupata asilimia 16 ya hisa pamoja na kampuni ya ubia iitwayo Twiga. Hatuyafufui hayo ili kumhukumu mtu. Tunachotaka kionekane ni kwamba katika miezi ile taifa zima lilijifunza kuwa mgogoro wa dhahabu ni mgogoro wa daftari: nani kaandika, nani kapima, na nani aweza kulikagua bila ya kuomba ruhusa kwa aliyeliandika.

Nodi ni jibu la nusu ya swali hilo. Leja ya Bitcoin haina afisi kuu ambako mtu aweza kwenda usiku akafuta mstari, kwa sababu nakala ziko katika maelfu ya nyumba na kila moja hukagua kwa kanuni zilezile. Mwenye nodi pale Nansio hana haja ya kumwamini mwenye nodi wa Tokyo, wala yule hana haja ya kumwamini huyu. Hilo ni jambo kubwa, na hatuoni aibu kulisifu.

Lakini tumesema nusu, na nusu ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaoishi juu ya miamba ya dhahabu. Nodi hukagua leja, haikagui dunia. Zipo tangu 2019 na 2020 sarafu kama PAX Gold na Tether Gold, ambazo wenyewe husema kila moja inasimama badala ya wakia moja ya dhahabu iliyofungiwa katika hazina za London na Uswisi. Nodi itakuambia kwa uhakika kwamba sarafu imehama kutoka kwa fulani kwenda kwa fulani. Kama ndani ya hazina mna dhahabu au mna matofali, nodi haijui wala haiwezi kujua. Siku ile atakapokuja mtu na sarafu inayosemekana kubeba dhahabu ya Geita, kazi ya kufungua kontena na kuchukua sampuli itabaki kuwa ya mkono wa binadamu, kama ilivyokuwa 2017. Soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa mwezi Machi 2019, lina mizani na maofisa kwa sababu hiyo hiyo.

Hata katika leja yenyewe mashine si malaika. Tarehe 15 Agosti 2010 mtu mmoja alitumia kasoro katika programu akajiandikia sarafu zaidi ya bilioni 184, naam, bilioni, katika mfumo ambao kikomo chake ni milioni 21. Nodi za siku ile ziliukubali ukurasa huo, kwa kuwa kanuni zilizomo ndani yake hazikuuona ubaya wake. Programu ikarekebishwa katika saa chache, wenye nodi wakaweka toleo jipya, na ukurasa ule ukaachwa nje ya leja. Katika kisa hicho twaona mambo mawili kwa pamoja: kwamba mashine hufuata tu ilichoandikiwa, na kwamba waliookoa mfumo ni watu waliokuwa macho.

Kwa kijana wa Kahama au Kome atakayetaka kuiendesha nodi kwa ajili ya kujifunza, maana hiyo ndiyo faida yake iliyo kubwa kuliko zote, twasema ajihadhari na gharama isiyoonekana. Leja nzima imekwisha kupita gigabaiti 600. Programu yaweza kuamriwa itupe kurasa za zamani ibaki na gigabaiti chache, lakini hata hivyo ni lazima kwanza ipakue na kuzikagua zote, mara moja. Anayenunua kifurushi cha gigabaiti moja moja asithubutu. Baada ya hapo kurasa mpya ni kama 144 kwa siku, na zinataka gigabaiti kadhaa kila mwezi. Na asipoiwekea kikomo, mashine itatumia nyingi zaidi katika kuwagawia wengine. Mwaka 2017 kampuni ya Blockstream ilianza kuirusha leja hiyo kwa setilaiti, na Afrika ilikuwamo katika eneo lililofikiwa, lakini hilo lataka dishi na ustadi. Diski ngumu isiyo na sehemu zinazozunguka ni bora kuliko kadi ndogo ya kumbukumbu, ambayo huchakaa upesi kwa kuandikwa mfululizo. Umeme ukikatika ghafla leja yaweza kuharibika, na mwenye nayo akalazimika kurudia kazi ya siku nyingi. Vumbi letu nalo halina huruma.

Tunabakia na neno kwa wahusika serikalini. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo la kuwaonya wananchi wasifanye biashara ya sarafu hizi wala kuzitangaza wala kuzitumia, na kuwakumbusha kwamba fedha halali ni shilingi. Tarehe 13 Juni 2021, akizindua jengo la Benki Kuu pale Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo ya fedha. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Wenzetu wa Kenya walipitisha sheria kamili ya watoa huduma za mali hizo mwezi Oktoba 2025. Mwananchi wa kawaida akiyasoma hayo ya kwetu kwa mfuatano, huona mkono mmoja ukikataza na mwingine ukitoza. Huenda maofisa wanao ufafanuzi mzuri. Lakini ufafanuzi uliomo kabatini haumfikii mtu wa Maisome.

Hatuombi sarafu hizi zibarikiwe. Tunaomba mambo matatu yasemwe kwa Kiswahili kinachoeleweka: kama kijana anayetunza nakala ya leja kwa kujifunza, bila ya kununua wala kuuza, amevunja amri yoyote, kwamba anayeuza "hisa za nodi" au "mashine ya kuchimba" kwa ahadi ya faida ya kila wiki ashitakiwe wapi, na ofisi ipi mwananchi aliyeibiwa aifikie bila ya kulazimika kusafiri hadi Dar es Salaam. Tangazo la ukurasa mmoja, likibandikwa katika soko la dhahabu la Geita na la Kahama, kwenye gati la Nansio na penye kivuko cha Nyakaliro, lingetosha kwa kuanzia, na gharama yake ni ya karatasi na gundi.