Adresi moja, watu wengi: namna rutere inagawanya intaneti

Katika miji ya mashariki mwa Congo, kuanzia Bunia mpaka Uvira, ni jambo la kawaida kukuta rutere moja ndogo inahudumia nyumba nzima, duka, ofisi ao siber. Mmoja anaandika WhatsApp, mwingine anatuma pesa, mwingine anatazama mpira, na kila jibu linafika kwenye simu ile yenye kuliomba. Lakini kwa nje, wote wanaonekana kuwa na adresi moja tu. Mwenye kuelewa namna hiyo kazi inafanyika anaelewa pia mambo mengine 3: juu ya nini kamera ya duka inakataa kuonekana kutoka mbali, juu ya nini mtu anaweza kushukiwa kwa kosa la jirani, na juu ya nini "kufungua porti" si jambo la kufanya ovyo.

Adresi hazitoshi

Kila mashine yenye kuongea kwenye intaneti inapashwa kuwa na adresi, sawa vile barua inahitaji avenue na nambari ya parsele. Adresi za aina ya zamani, zile mafundi wanaita IPv4, zinaandikwa kwa nambari 4 zenye kutenganishwa na nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Ukifanya hesabu, jumla yake ni karibu miliari 4,3. Duniani kuko watu zaidi ya miliari 8, na wengi wao wana simu, bila kuhesabu ordinatere za ofisi. Haziwezi kutosha.

Tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka 2011, adresi za mwisho za akiba kuu ya dunia ziligawiwa ofisi 5 za kanda. Ofisi ya Afrika inaitwa AFRINIC, na makao yake yako katika kisiwa cha Mauritius. Tangu mwezi wa 1 mwaka 2020, kampuni yenye kuomba adresi hizo kwa AFRINIC haiwezi kupewa zaidi ya 1.024 kwa ombi moja. Kwa kampuni ya simu yenye wateja wengi, hilo ni tone katika ziwa.

Dawa ilikuwa imekwisha kufikiriwa mapema. Mwaka 1994, Kjeld Egevang na Paul Francis waliandika mpango wa kugeuza adresi, wenye kujulikana leo kwa herufi NAT. Adresi fulani nazo ziliwekwa pembeni kwa matumizi ya ndani tu, kama vile zile zenye kuanza na 10 ao na 192.168. Ndiyo maana rutere ya Goma na ile ya Kalemie zinaweza zote kuitwa 192.168.1.1 bila kugongana. Ni sawa na "chumba nambari 3": kila parsele inaweza kuwa nacho, na barua haiwezi kufika kwa kuandika hilo peke yake.

Sentinele na kaye yake

Tuseme parsele moja iko na wapangaji kumi, mlango mmoja mkubwa, na sentinele mwenye kaye. Mpangaji wa chumba cha 3 anataka kutuma barua. Sentinele anafuta "chumba cha 3" kwenye bahasha, anaandika adresi ya parsele pamoja na nambari ya kumbukumbu, kisha anaandika kwenye kaye yake: nambari hii ni ya chumba cha 3. Jibu likirudi na nambari ile, anatazama kaye na kulipeleka mahali pake.

Rutere inafanya vilevile, na nambari hiyo ya kumbukumbu inaitwa porti. Si tundu la kuingizia waya. Ni nambari tu, kuanzia 0 mpaka 65.535. Kwa mfano, simu yenye adresi 192.168.1.5 inatuma ombi kwa kutumia porti 51000. Rutere inaondoa adresi hiyo, inaweka yake ya nje, inachagua porti nyingine, tuseme 40001, na kuandika mstari katika kumbukumbu yake. Kama simu ya pili nayo imechagua 51000 wakati uleule, hakuna mchafuko: rutere itaipatia 40002. Kwa nje adresi ni moja, lakini porti zinatofautisha wenyewe.

Mstari huo haudumu milele. Mazungumzo yakinyamaza kwa muda, rutere inaufuta ili kupata nafasi. Kwa hiyo programu za ujumbe zinatuma kila mara alama ndogo ya "ningali hapa" hata wakati simu iko mfukoni, ili mlango wa kurudia usifungwe. Hiyo ni sababu moja yenye kufanya mega na moto wa betri vipungue kidogo kidogo bila mtu kugusa kitu.

Rutere juu ya rutere

Rutere ya nyumbani si ya mwisho. Kampuni nyingi za simu na za intaneti duniani zinafanya kazi ileile mara ya pili kwenye mashine zao kubwa, na kuweka wateja wengi nyuma ya adresi moja. Mwaka 2012 fungu maalum la adresi lilitengwa kwa kazi hiyo: kuanzia 100.64 mpaka 100.127. Starlink nayo, kwa malipo ya kawaida ya nyumba, inatumia mpango huo.

Hapo porti zinakuwa mali ya kugawana. Kampuni ikiweka wateja 64 kwenye adresi moja na kuwagawia sawasawa, kila mmoja anapata porti kama 1.000. Ni nyingi kwa simu moja. Lakini ukurasa mmoja wa intaneti unaweza kufungua makumi ya mazungumzo kwa mara moja, na siber ao shule yenye mashine nyingi inaweza kufika mwisho wa sehemu yake. Alama yake ni ya ajabu: kurasa nyingine zinafunguka vizuri, nyingine zinakataa, na watu wanadhani rezo imekatika.

Kamera yenye kukataa kuonekana

Kasoro kubwa ya mpango huu ni kwamba unajua kurudisha majibu, lakini haujui kupokea mgeni asiyetazamiwa. Ombi likitoka nje bila mtu wa ndani kuliita, kaye haina mstari wake, na rutere inalitupa.

Mwenye duka anayetaka kutazama kamera zake akiwa safarini anakutana na tatizo hilo. Fundi anaweza kuandika mstari wa kudumu katika rutere: kila kitu chenye kufika kwenye porti fulani kipelekwe kwa kamera. Hiyo ndiyo kufungua porti. Lakini kama juu ya rutere ya duka kuko mashine ya kampuni, kazi hiyo haitasaidia kitu, maana mgeni anakatazwa kwenye mlango wa kwanza, ule mwenye duka hana ufunguo wake.

Kuko jaribio rahisi la kufanya kabla ya kulipa fundi. Katika ukurasa wa rutere kuko adresi ya upande wa nje. Uilinganishe na ile yenye kuonyeshwa na tovuti za kutambulisha adresi. Zikiwa tofauti, ao kama ya rutere inaanza na 10 ao iko kati ya 100.64 na 100.127, kufungua porti ni kupoteza pesa. Inabaki kutafuta kamera yenye kwenda yenyewe nje kukutana na simu ya mwenyewe, ao kuuliza kampuni bei ya adresi ya hadharani.

Na pale porti inafunguka kweli, inafungukia dunia nzima, si mwenye duka peke yake. Mwaka 2016 virusi vya Mirai vilizunguka kwenye intaneti vikijaribu maneno ya siri ya kiwanda yapatayo 60 kwenye kamera na rutere. Mashine nyingi zilikubali, na zikatumiwa kushambulia wengine. Kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia ilikuwa kati ya walioumizwa. Mwezi wa 11 wa mwaka huohuo, karibu rutere 900.000 za wateja wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani zilisumbuka kufuatia shambulio lenye kulenga porti 7547.

Kwa upande mwingine, rutere kutupa wageni hakumaanishi kwamba walio ndani wako salama. Mtu akipakua programu mbaya yeye mwenyewe, imeitwa kutoka ndani, na sentinele ataipitisha.

Adresi si mtu

Adresi ikiwa ya wengi, kosa la mmoja linaangukia wote. Mwanzoni mwa mwaka 2007, Wikipedia ilizuia adresi moja juu ya watu wenye kuharibu kurasa. Kumbe karibu watumiaji wote wa Qatar walikuwa wanapitia adresi hiyo, na kwa saa kadhaa hawakuweza kuandika kitu. Mwezi wa 10 mwaka 2017, Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, lilionya kwamba kugawana adresi namna hii kunazuia wapelelezi kumtambua mkosaji, na kunaweza kuingiza watu wasio na kosa katika uchunguzi.

Kwa hiyo, mtu akitukanwa, akitishwa ao akiibiwa kwa njia ya intaneti, adresi peke yake haitoshi kuonyesha nani alifanya. Kunahitajika pia saa kamili na nambari ya porti, ili kampuni iweze kutazama kaye yake. Na hata hapo, jibu litaishia kwa mwenye rutere, wala si kwa mpangaji ao mteja aliyeshika simu.

Mwenye kugawia majirani wifi anapashwa kukumbuka hilo. Abadilishe neno la siri la kiwanda, lile la wifi na lile la kuingilia rutere yenyewe. Wageni awape wifi yao ya pembeni kama rutere inaruhusu, na neno lake libadilishwe mara kwa mara. Azime kile rutere nyingi zinaita UPnP, chenye kuruhusu mashine za ndani kujifungulia porti bila kuuliza. Na porti yoyote iliyofunguliwa kwa kazi fulani ifungwe kazi ikiisha.

Suluhisho la kudumu ni adresi za aina mpya, IPv6, ambazo ni nyingi sana hata kila simu na kila kamera inaweza kuwa na yake. Lakini kila mahali zinapoingia, ile kazi ya kutupa wageni inapashwa kuwekwa kwa makusudi ndani ya rutere. Mashine yenye adresi yake ya hadharani, bila ulinzi huo, inaonekana na dunia nzima.