Ukungu wa Milima ya Taita



Aliyesafiri kutoka Voi kuja Mwatate wakati wa kiangazi ajua hali ilivyo. Kwa kilomita 25 hivi haoni ila vumbi jekundu na miiba, kisha mistari ya mkonge. Lakini akiinua macho upande wa kulia alfajiri, ataiona milima ya Taita imejifunika ukungu mweupe, na kilele cha Vuria, chenye meta 2,208, hakionekani kabisa. Sisi wa bondeni hunung'unika: maji yako pale juu, mbona hayatushukii? Nami nimenung'unika hivyo mara nyingi.

Kumbe yanashuka. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu. Huivuka nyika ya Taru bila kuacha hata tone, kwa kuwa nchi ile ni tambarare na jua lake ni kali. Ufikapo Taita huikuta milima, nao hauna budi kupanda. Huko juu kuna baridi, na ule unyevu hugeuka kuwa ukungu.

Hapo ndipo ilipo kazi ya msitu. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai niliingia msitu wa Ngangao. Mvua haikuwa imenyesha kwa majuma mengi, lakini koti langu lililowa. Kila jani lilikuwa likinasa ukungu, na lijaapo huliachia jani lililo chini yake. Magome ya miti yalikuwa yameota kijani laini kama manyoya, yamelowa maji. Chini, majani yaliyooza yalikuwa mazito hata mguu ukazama kama katika godoro. Godoro hilo huyashika maji na kuyaachia polepole, nayo huteremka katika nyufa za miamba mpaka yatokee chemchemini. Mama wa Mwatate achotaye maji mwezi wa Septemba, yamkini anachota ukungu wa Julai.

Wala si yeye peke yake. Mto Voi huanzia katika milima hii, ukaingia mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako bwawa la Aruba lilijengwa mwaka 1952. Someni nyumbani Zaburi ya 104, mtaona kwamba punda wa mwitu wamepewa maji ya kunywa kabla mwanadamu hajatajwa na shamba lake. Ndovu wa Aruba hajui kama kuna Ngangao. Na humo msituni, kama vile Mbololo na Chawia, yuko ndege mmoja mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, apekuaye majani makavu chini, ambaye Mungu hakumweka mahali pengine popote duniani ila Taita. Makao yake ni madogo mno. Ngangao ni hekta 120 hivi, na Chawia haifiki hata 100.

Wazee wetu walikuwa na fighi, vipande vya msitu ambavyo hakuna aliyethubutu kuvitia shoka. Chuoni tulifundishwa kuyaepuka matambiko yaliyofanyika humo, na fundisho hilo silibadili. Lakini tulipoitupa hofu ya fighi tulitupa pamoja nayo heshima ya mti.

Nasema "tulitupa" kwa sababu mimi nimo. Miaka 16 iliyopita, nikiwa kasisi kijana katika mtaa mmoja wa milimani, tulihitaji fedha za mabati ya kanisa. Juu ya chemchemi palikuwa na miti ya asili. Mimi mwenyewe nilitia sahihi ikatwe, tukapanda mikaratusi, kwa kuwa hukua upesi na wanunuzi hawakosekani. Mzee mmoja asiyekuwa Mkristo alinijia, akasema, "Kasisi, mwanangu, umeezua paa la chemchemi ukaezeka la kanisa." Nilicheka. Mabati tuliyapata, yangaliko hata leo. Mkaratusi nao hunywa maji mengi, wala haukutandika lile godoro. Mwaka wa sita akina mama walikuwa wakishuka mteremko mzima wakitafuta maji, na mimi kila Jumapili nilisimama chini ya yale mabati kuomba mvua.

Mikaratusi ile imekwisha kung'olewa, na watoto wa shule ya Jumapili wamepanda miche ya miti ya asili. Mirefu yao yanifika kiunoni. Yule mzee alifariki kabla sijamwomba radhi, ikanibidi niwaendee wanawe. Mwezi uliopita nilipita pale, nikaweka kiganja juu ya changarawe ya chemchemi. Niliona ubaridi. Maji bado.