Mkono Usioonekana Pichani

Siku hizi tunampiga mtoto picha kwa simu, na akitikisika tunapiga nyingine. Haikuwa hivyo Uingereza enzi ya Malkia Victoria. Louis Daguerre alipotangaza ufundi wake Ufaransa mwaka 1839, picha ilitokea juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Baadaye ikaja ya kioo. Ilikuwa moja tu, haina nakala. Ilitiwa ndani ya kasha dogo lililovikwa ngozi, likafungwa kama kitabu.

Kwa mzazi hiyo ilikuwa hazina. Katika Uingereza ya miaka ile, takribani watoto 150 katika kila 1,000 walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wapo wazazi waliobaki na kasha hilo tu.

Lakini mtoto alipaswa kutulia kwa sekunde kadhaa, la sivyo sura yake ingefifia. Basi baadhi ya wapiga picha walimketisha mama, wakamfunika shuka aonekane kama kiti, naye akampakata mwanawe. Fremu ya shaba ikaziba sehemu iliyobaki. Ukifungua kasha la namna hiyo leo, utadhani mtoto amekaa peke yake. Tazama tena: kuna mkono umemshika kiunoni.

Ndugu yangu, huenda umeingia ibadani leo ukijiona mpweke. Ada ya shule haijapatikana, majibu ya hospitali yanatisha, umeomba na mbingu ziko kimya. Soma Isaya 49:14-16. Sayuni analalamika kwamba Bwana amemwacha. Mungu anamjibu kwamba hata mama akimsahau mtoto anyonyaye, yeye hatamsahau. Amemchora viganjani mwake.

Mtoto yule pichani hakuuona uso wa mama yake. Shuka lilikuwa limeufunika. Alitulia kwa sababu aliujua mkono. Imani nayo ndivyo ilivyo: si kila siku tutauona uso wa Mungu, lakini mkono wake haujatuachia.

Tena, Mungu hutushika mara nyingi kwa mikono ya watu wasiotajwa: bibi aliyekulea, mwalimu wa shule ya Jumapili, jirani aliyekuletea uji ulipougua. Kabla jua halijatua leo, mtafute mmoja wao umshukuru. Kisha mtafute mtoto mmoja umshike, hata kama wewe hutaonekana pichani.

Jumapili njema.